Istilahi Huzaliwa na Ufahamu: Kiswahili na Hisabati ya Mawimbi katika Mifoko Iliyotibuka



1.0 Utangulizi

Awali ya yote natoa shukrani kwa heshima mliyonipa ya kusimama mbele yenu jioni hii. Bila shaka wengi mlitarajia nizungumzie sintaksia au lahaja, mambo ambayo nimeyafundisha kwa miaka mingi. Badala yake nimechagua kuzungumzia hewa inayotoka kwa kasi katika mdomo wa bomba: jinsi inavyotibuka, mawimbi yanayozaliwa ndani yake, na jinsi wanahisabati wanavyojaribu kuyaundia modeli. Yumkini baadhi yenu mnajiuliza, mwanaisimu na injini ya ndege wapi na wapi? Sababu ni kosa nililolifanya mwenyewe, na ni vema nianze kwa kulikiri.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mjumbe wa jopo la kusanifu istilahi za sayansi. Mbele yetu palikuwa na orodha ndefu ya maneno ya Kiingereza, yamepangwa kialfabeti, na kazi yetu ilikuwa kuandika kisawe cha Kiswahili mkabala na kila neno. Tulipofika kwenye neno ‘turbulence’ nilipendekeza ‘vurugu’. Nilitoa hoja ya kitaaluma: neno hilo lina asili ya Kilatini, ambako ‘turba’ ni umati wenye ghasia, na Kiswahili nacho kina neno lake la umati wenye ghasia. Hoja ilipita bila kupingwa, nasi tukaendelea na neno lililofuata. Haikuchukua dakika tano.

Mwaka uliofuata nilialikwa kuieleza orodha ile mbele ya wanafunzi wa uhandisi. Kijana mmoja alisimama, akanisalimu kwa adabu, kisha akauliza: “Profesa, tumefundishwa kwamba katika hewa itokayo kwenye injini ya jeti kuna mawimbi makubwa yenye mpangilio, na kwamba mpangilio huo unahusika na kelele tunazozisikia. Sasa hiyo vurugu yenye mpangilio ni vurugu gani?” Nilijibu jambo fulani kuhusu matumizi ya kitamathali. Ukweli ni kwamba sikuwa na jibu, kwa kuwa sikukijua kitu nilichokuwa nimekipa jina. Nilikuwa nimetafsiri historia ya neno. Dhana yenyewe sikuigusa.

Baada ya siku ile nilimwendea mwenzangu wa uhandisi, mtu mwenye subira, nikamwomba anifundishe. Mhadhara huu ni matunda ya masomo hayo. Dai langu ni moja: istilahi haitafsiriwi kutoka katika neno la lugha nyingine, bali hutungwa kutoka katika ufahamu wa kitu chenyewe. Nitalithibitisha dai hilo kwa kupitia mada moja ngumu ya fizikia, hatua kwa hatua, nikionyesha kila mahali ni neno gani lilitufaa, lipi lilitudanganya, na kwa nini.

2.0 Kitu Chenyewe

Tuanze nyumbani. Atiaye udi katika chetezo, ndani ya chumba kisicho na upepo, huona moshi ukipanda wima kama uzi. Ufikapo kimo fulani uzi huanza kupinda kidogo, kushoto na kulia. Mapindo hayo hukua, hujikunja yakawa visulisuli, na juu yake moshi hutawanyika chumbani. Moshi wa udi hupandishwa na joto, ilhali hewa ya injini husukumwa na kanieneo. Lakini hatua zake zinafanana: unyoofu, wimbi, kisulisuli, mtawanyiko.

Mwaka 1883 Osborne Reynolds, aliyekuwa akifundisha Manchester, alipitisha uzi wa rangi katika maji yaliyokuwa yakienda ndani ya bomba la kioo. Kasi ilipokuwa ndogo uzi ulibaki umenyooka. Kasi ilipozidi kiwango fulani, rangi ilichanganyika na maji yote. Alionyesha kwamba kinachoamua si kasi peke yake, bali uwiano wa kasi na kipenyo cha bomba kwa upande mmoja, na mnato wa maji ukilinganishwa na densiti yake kwa upande wa pili. Uwiano huo leo huitwa namba ya Reynolds, na katika hewa itokayo kwenye injini za ndege kubwa hufikia mamilioni. Yeye mwenyewe aliuita mwendo ule wa pili kwa neno lenye maana ya kupindapinda; neno la asili ya Kilatini nililolitaja liliingizwa katika taaluma hii na Lord Kelvin mwaka 1887.

Suala hili lilipata uzito mpya katika maisha ya watu baada ya Vita Kuu ya Pili. Tarehe 2 Mei 1952 ndege ya aina ya Comet ilifanya safari ya kwanza duniani ya abiria kwa ndege ya jeti, kutoka London hadi Johannesburg, nayo njiani ilitua Entebbe. Afrika Mashariki, basi, ilikuwa miongoni mwa sehemu za mwanzo kabisa kuisikia ngurumo ya injini hizo katika safari za biashara. Mwaka huohuo James Lighthill alichapisha nadharia yake ya sauti inayozalishwa na mwendo wa hewa wenyewe, pasipo kitu chochote kigumu kutetemeka. Alionyesha kwamba nguvu ya sauti hiyo hukua kwa kipeo cha nane cha kasi. Maana yake ni kwamba kasi ikipungua kwa nusu, nguvu ya sauti hushuka hadi sehemu moja ya 256. Hiyo ni sababu mojawapo ya injini za siku hizi kuwa pana: husukuma hewa nyingi zaidi kwa kasi ndogo zaidi.

Lakini ni nini hasa, ndani ya hewa hiyo, kinachopiga kelele? Kwa muda mrefu wataalamu waliichukulia kama mkusanyiko wa visulisuli vidogovidogo visivyohusiana. Mwaka 1971 S. C. Crow na F. H. Champagne walichapisha majaribio ambamo waliitikisa hewa kwenye mdomo wa bomba kwa kutumia kipaza sauti, na mtikisiko wenyewe ulikuwa mdogo. Hewa iliitikia. Mawimbi yenye mpangilio yalionekana yakisafiri ndani yake, na yaliyostawi kuliko mengine yote ni yale ambayo idadi ya mitetemo kwa sekunde, ikizidishwa kwa kipenyo cha mdomo na kugawanywa kwa kasi ya hewa, hutoa takriban 0.3. Uwiano huu huitwa namba ya Strouhal. Kwa mdomo wa sentimita 5 na hewa iendayo mita 30 kwa sekunde, hiyo ni mitetemo 180 kwa sekunde. Kwa mdomo wa mita 1 na kasi ya mita 300 kwa sekunde ni mitetemo 90 tu, yaani ngurumo nzito. Mwaka 1974 G. L. Brown na A. Roshko walionyesha kwa picha kwamba pale gesi mbili zenye kasi tofauti zinapokutana, visulisuli vikubwa hujipanga safu, vikiwa vimezungukwa na mchafuko wa vile vidogo.

Kijana yule alikuwa amesema kweli. Ndani ya kile nilichokiita vurugu mlikuwa na mpangilio, na wataalamu walikuwa wameujua tangu mwaka 1971.

3.0 Mfoko na Mtibuko

Kabla ya kurekebisha kosa ni haki kutaja mfano wa kazi njema. Katika Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyochapishwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990, tunalikuta neno ‘kanieneo’. Limeundwa kwa ‘kani’ na ‘eneo’. Mwanafunzi akilitamka tu amekwisha kutaja fasili: kani inayogawanywa juu ya eneo. Aliyelitunga hakutazama asili ya neno la Kiingereza, alitazama mlinganyo. Hicho ndicho kipimo tunachopaswa kukitumia.

Tuje kwenye hewa itokayo kwa kasi mdomoni mwa bomba na kuingia katika hewa iliyotulia. ‘Mkondo’ ni neno zuri, lakini mkondo una kingo au una bahari nzima ya kupitia. Maji hufuata mkondo. ‘Mchirizi’ ni mwembamba na hauna nguvu. ‘Bubujiko’ lina utulivu wa chemchemi. Tulipendelea kitenzi ‘foka’, kitokacho kwa kitu cha majimaji kinapotoka kwa kasi na kwa wingi kupitia tundu, na nomino yake ‘mfoko’. Kweli, mtu mwenye hasira naye hufoka. Lakini maana hiyo imetokana na ile ya maji, na haimpotezi msomaji wa fizikia. ‘Jeti’ tuliliacha libaki kwa ndege na injini yake, ambako limekwisha kuzoeleka.

Kwa hali yenyewe tulirudi kwenye kitenzi cha wachota maji. Mtu akiingia kisimani kwa fujo, maji hutibuka: tope la chini huja juu, na lililokuwa limetengana huchanganyika. Hapo pana kiini cha dhana. Sifa kuu ya mwendo huu si kukosa mpangilio, bali ni kuchanganya, kama rangi ya Reynolds ilivyochanganyika na maji. ‘Mtibuko’ hausemi kwamba mpangilio upo wala kwamba haupo. Unaliacha swali hilo wazi kwa mwanasayansi, nami naamini huo ni wajibu wa istilahi: isimfungie mtafiti mlango ambao utafiti unaweza kuufungua.

4.0 Kuyumba na Kutotengemaa

Dhana ya pili ilitutaabisha zaidi. Wataalamu huyaita mawimbi haya kwa jina linaloashiria kukosa uthabiti. Jopo letu la awali lilikuwa limeandika ‘mawimbi ya kuyumba’. Mwenzangu wa uhandisi aliliangalia neno hilo, akaniuliza: “Mnazi ukipigwa na upepo hufanya nini?” Nikamjibu kwamba huyumba. “Na upepo ukitulia?” Hurudi mahali pake. “Basi mnazi wako una uthabiti,” akasema, “na neno lako limetaja kinyume cha unachokitaka.”

Tunachokitaka ni hali ambayo kitu kikisogezwa kidogo hakirudi, bali huzidi kusogea. Fimbo iliyosimamishwa wima kwenye ncha ni mfano wake. Mnazi hutengemaa baada ya upepo, fimbo haitengemai. Kwa hiyo tuliandika ‘kutotengemaa’, na mawimbi yake ‘mawimbi ya kutotengemaa’.

Nadharia ya mawimbi haya ilijengwa katika karne ya 19 na Hermann von Helmholtz, Kelvin na Rayleigh. Kisa chake kinaelezeka hivi. Chukua hewa iendayo kasi iliyo sambamba na hewa iliyotulia. Tuseme mpaka baina yao umeinuka kidogo, ukatunisha kibonge upande wa hewa yenye kasi. Hewa hiyo hulazimika kupita juu ya kibonge, njia yake hubanwa, kasi yake huongezeka, na kwa hiyo kanieneo yake hushuka. Upande wa pili wa mpaka, penye bonde, kanieneo hupanda. Basi kibonge husukumwa kutoka chini na kuvutwa kutoka juu. Badala ya kulala, huzidi kuinuka. Kadiri kinavyoinuka ndivyo sababu ya kuinuka inavyozidi nguvu.

Ukuaji wa namna hii haujumlishi, huzidisha. Kwa mfano, wimbi linaloongezeka maradufu katika kila nusu kipenyo cha mdomo, baada ya vipenyo 4 litakuwa limekua mara 256. Mtikisiko usiosikika mdomoni mwa bomba unaweza kuwa kisulisuli kikubwa mbele yake.

Naomba wanafunzi wa isimu walizingatie jambo moja hapa. Aya mbili hizi zilizotangulia zimeeleza sababu, namna na kiasi, na zimefanya hivyo kwa Kiswahili bila kulegeza fizikia. Hazingeweza kuandikwa kwa neno ‘kuyumba’. Tungelitumia, sentensi ya tatu ingelipingana na ya nne.

5.0 Kujumlika na Kujibeba

Sasa tunafika penye ugumu wenyewe. Wanahisabati hugawanya milinganyo yao katika aina mbili, na jina la aina ya kwanza, katika lugha za Ulaya, limetokana na mstari. Sisi nasi tumezoea kusema ‘mlinganyo wa mstari’ na ‘mlinganyo usio wa mstari’. Mwanafunzi akisikia hivyo hufikiri juu ya umbo: ulionyooka na uliopinda. Lakini wimbi limepinda, na bado linaweza kutawaliwa na mlinganyo wa aina ya kwanza. Hapo huchanganyikiwa, wala kosa si lake.

Maana halisi ya aina ya kwanza ni hii: ukiongeza sababu maradufu, matokeo huongezeka maradufu, na sababu mbili zikija pamoja, matokeo yake ni jumla ya matokeo ya kila moja. Kaeni ufukweni siku ya utulivu mtazame mawimbi mawili madogo yakitoka pande mbili. Hukutana, hupandana, kisha kila moja huendelea na safari yake kana kwamba halikukutana na lolote. Yamejumlika. Kiswahili kina kiambishi -ik- cha kuonyesha uwezekano wa kutendwa: kusoma, kusomeka, kula, kulika. Kutoka ‘jumlisha’ na ‘jumla’ tunapata ‘jumlika’. Kwa hiyo nilipendekeza ‘mlinganyo jumlikifu’ kwa aina ya kwanza, na ‘athari zisizojumlika’ kwa kile kinachotokea katika aina ya pili. Kwa maoni yangu, istilahi hizi zinafundisha zaidi kuliko zile za asili ya mstari, kwa kuwa zinataja sifa yenyewe, ilhali zile zinataja umbo la mchoro wa mfano mmoja.

Kwa nini katika mfoko athari hazijumliki? Jibu limo katika milinganyo ya mwendo wa majimaji iliyoandikwa na Claude-Louis Navier mwaka 1822 na kukamilishwa na George Stokes mwaka 1845. Ndani yake mna sehemu moja ambayo kasi imezidishwa kwa badiliko la kasi hiyohiyo. Kimaumbile, hewa inayokwenda hubeba vitu: hubeba moshi, hubeba joto, na hubeba pia mwendo wake wenyewe. Mwendo unajibeba. Hapa kirejeshi -ji- kinafanya kazi ambayo Kiingereza huhitaji kirai kizima kuifanya: kubeba na kujibeba, silabi moja, na ndani ya silabi hiyo umo ugumu wote wa mtibuko.

Tazameni matokeo yake. Wimbi la mitetemo 180 kwa sekunde likizidishwa lenyewe kwa lenyewe hutoa vitu viwili: wimbi la mitetemo 360, na kiasi kisichobadilika na wakati. Kile cha kwanza ni mtoto wa wimbi, mwenye mitetemo maradufu. Kile cha pili ni badiliko katika mwendo wa wastani wa mfoko wenyewe. Yaani wimbi, likikua vya kutosha, hubadilisha mazingira yaliyolizaa: huupanua mpaka uliokuwa mwembamba, na tofauti ya kasi iliyokuwa ikililisha hupungua ukali. Ndipo wimbi hushiba, halikui tena. Zaidi ya hayo, visulisuli viwili vilivyofuatana huweza kuzungukana na kuungana kuwa kimoja, kama C. D. Winant na F. K. Browand walivyoonyesha mwaka 1974. Urefu wa wimbi huwa maradufu na mitetemo hushuka hadi nusu. Mfoko hupanuka kwa njia hiyo, kisulisuli kwa kisulisuli.

6.0 Modeli na Mipaka Yake

Ikiwa mambo hayajumliki, je, milinganyo jumlikifu ina faida gani? Swali hili nililiuliza nikidhani nimemnasa mwalimu wangu. Jibu lake lilinifundisha mengi kuhusu maana ya modeli katika taaluma yoyote.

Mwaka 1976 D. G. Crighton na M. Gaster walichapisha kazi ambamo waliuchukua mwendo wa wastani wa mfoko, unaopanuka taratibu kadiri unavyokwenda, wakakokotoa mawimbi ya kutotengemaa juu yake kwa mlinganyo jumlikifu. Wimbi walilolipata hukua karibu na mdomo, hufikia kilele, kisha hufifia kadiri mfoko unavyopanuka. Njia hiyo imeendelezwa hadi leo, na mawimbi yanayokokotolewa hivyo yamelingana vizuri na vipimo vilivyochukuliwa karibu na mfoko, hata ukiwa umetibuka.

Siri yake ni kwamba mwendo wa wastani si zawadi ya bure. Umekwisha kupanuliwa na athari zilezile zisizojumlika. Modeli jumlikifu, kwa hiyo, inakula chakula kilichopikwa na kile inachodai kukiacha nje. Anayeisifu bila kulijua hilo anajidanganya, na anayeibeza bila kulijua hilo naye anajidanganya.

Hapa pia nilipata fundisho la istilahi. Wimbi hili linalokua na kufifia lilihitaji jina. Nilikuja na ‘msafara wa mawimbi’, nami nililipenda sana: msafara una mbele, kati na nyuma. Mwenzangu alilikataa. Msafara huhama wote kwa pamoja, alisema; leo uko hapa, kesho uko kule. Katika mfoko, kwa mitetemo ya kiwango kimoja, kinachosafiri ni mawimbi, lakini mahali pa kukua na pa kufifia hapahami, kama mawimbi ya bahari yanavyopita kila moja na bado yote huumuka na kuvunjika kwenye mwamba uleule. Niliacha neno nililolipenda, tukaandika ‘fungu la mawimbi’. Ni neno la kawaida, lisilo na uzuri wa kishairi, lakini halisemi uongo.

Mipaka ya modeli nayo lazima itajwe. Katika mifoko iendayo kasi kuliko sauti, mafungu haya ya mawimbi hueleza vizuri sehemu kubwa ya kelele, kwa sababu wimbi lenyewe linaweza kusafiri kwa kasi kuliko sauti na kuitupa sauti pembeni moja kwa moja. Katika mifoko iendayo chini ya kasi ya sauti, modeli jumlikifu hukisia kelele pungufu mno kuliko inayopimwa, ingawa mawimbi yenyewe imeyapata sawasawa. Sababu kubwa iliyotambuliwa ni kwamba mafungu halisi hayadumu. Hutokea, hukatika, hurudi kwa umbo lililobadilika kidogo. Na kule kukatikakatika, ambako wastani hukufuta, ndiko kunakotoa sauti. Mapitio ya Peter Jordan na Tim Colonius ya mwaka 2013 yameliweka suala hili katikati ya utafiti. Athari zisizojumlika zilizofukuzwa mlangoni hurudi kwa dirishani.

Matokeo ya elimu hii yako machoni petu. Nendeni uwanja wa ndege wa Dar es Salaam au wa Nairobi mkaitazame Boeing 787, aina ambayo Kenya Airways ilianza kuitumia mwaka 2014 na Air Tanzania mwaka 2018. Ukingo wa nyuma wa kasha la injini yake una meno kama ya msumeno. Si mapambo. Meno hayo huubadilisha mpaka baina ya hewa ya kasi na hewa ya nje, huharakisha uchanganyikaji wake, na hivyo kupunguza ngurumo nzito. Maelfu ya wasemaji wa Kiswahili hupita karibu na meno hayo. Ni wangapi wamewahi kuelezwa kwa lugha yao kazi yake?

7.0 Pingamizi na Pendekezo

Kuna pingamizi ambalo sina haki ya kulipuuza. Husemwa kwamba mtafiti wa mtibuko atasoma na kuandika kwa Kiingereza, na kwamba kumtungia maneno ya Kiswahili ni kumpotezea wakati. Nusu ya kwanza ya kauli hiyo ni kweli. Nusu ya pili inasahau kwamba mtafiti huyo alikuwa mwanafunzi kabla ya kuwa mtafiti. Tanzania imefundisha shule za msingi kwa Kiswahili tangu mwaka 1967, na fizikia ya sekondari, kwa sehemu kubwa, imebaki katika Kiingereza. Kijana anayevuka daraja hilo hufunzwa kukariri jina kabla ya kukiona kitu. Mimi, mwenye shahada ya uzamivu, nilifanya kosa lilelile: nilikuwa na jina, kitu sikuwa nacho. Tofauti ni kwamba kosa langu liliingia katika orodha, lake huishia katika mtihani.

Pingamizi la pili hutoka kwetu wenyewe, wanaisimu. Tunasema kwamba kazi yetu ni lugha, mambo ya injini tuwaachie wenye injini. Tangu Kamati ya Lugha ya mwaka 1930, kupitia Baraza la Kiswahili la Taifa lililoundwa mwaka 1967, hadi leo, istilahi nyingi zimetungwa kwa bidii na uzalendo, na nyingi hazikutumika. Tumezoea kuwalaumu wasiozitumia. Baada ya masomo yangu nashuku kwamba baadhi hazikutumika kwa sababu haziwezi kutumika: ukijaribu kuandikia aya, zinavunjika.

Kwa hiyo napendekeza utaratibu mmoja rahisi, ambao nitauita jaribio la aya. Istilahi yoyote ya sayansi isipitishwe mpaka mtaalamu wa fani na mwanaisimu, wakiwa wamekaa meza moja, wameandika aya ya Kiswahili inayoeleza dhana hiyo kwa kuitumia istilahi yenyewe, na mwanafunzi asiyeijua dhana ameisoma akaelewa. Aya ikikataa, istilahi irudi. ‘Vurugu’ lisingevuka jaribio hilo. ‘Kuyumba’ lisingevuka. ‘Msafara wa mawimbi’, neno langu nilipendalo, lisingevuka. Kazi itakwenda polepole, na orodha zitakuwa fupi. Lakini kila neno litakuja na aya yake, na aya mia tatu za namna hiyo ni kitabu cha kiada.

8.0 Hitimisho

Mabibi na mabwana, sidai kwamba maneno niliyoyapendekeza jioni hii ni ya mwisho. ‘Jumlikifu’ huenda likawakera wengine, na ‘mfoko’ huenda likashindwa na ‘jeti’. Lugha ina wenyewe, nao ni wale waitumiao. Ninalodai ni kwamba yote yanaweza kupingwa kwa sababu za kifizikia, wala si kwa ladha ya sikio peke yake, na kwamba mjadala wa namna hiyo ukifanyika kwa Kiswahili, sayansi yenyewe itakuwa imekwisha kuingia katika Kiswahili.

Kijana aliyeniuliza swali lile alihitimu na sikuonana naye tena. Nimelibeba swali lake kwa miaka yote hii, na leo naweza kumjibu. Nilikosea, mwanangu. Haikuwa vurugu. Ulikuwa mtibuko, na ndani yake mlikuwa na mawimbi yasiyotengemaa, yanayokua, yanayoshiba na kukatika, kwa sababu mwendo unajibeba. Ingenifaa nikuulize wewe kwanza, kabla ya kuandika neno.